Boneti Imeoza: Utume Hela ya Kuziba, au ya Kununua Nyingine?

Najua wengi wenu mnasoma usiku, wengine bosi ameshalala ndiyo mnapata dakika kumi za simu, wengine mmetoka saiti na miguu inauma. Kwa hiyo niende moja kwa moja.

Picha iliniingia saa nne usiku kwa saa za huku Guangzhou, yaani saa kumi na moja jioni nyumbani. Mjomba wangu wa Pangani alikuwa amepiga picha boneti ya pikapu yake, Toyota Hilux ya mwaka 1993. Kutu imekula mbele, rangi imevimba, tundu moja unaweza kupitisha kidole. Chini ya picha kaandika: "Mjomba, salama? Boneti imeoza tena. Fundi anasema laki na nusu anaziba."

Neno lililonishtua ni "tena". Maana mwaka juzi nilishatuma laki na nusu ya kuziba boneti hiyo hiyo.

Mimi ni mhasibu. Nafanya hesabu za ofisi ya kusafirisha mizigo hapa Huangpu, upande wa mashariki wa Guangzhou, kwenye bandari. Kutwa nzima makontena yanapita dirishani. Kazi yangu ni kujua kila senti ya bosi imeenda wapi. Lakini hela yangu mwenyewe nilikuwa naituma nyumbani bila kuuliza hata swali moja, kwa sababu aliyeomba ni mjomba na mjomba haulizwi risiti. Nilikosea, na leo nataka kuwaeleza nilivyorekebisha. Kama kwenu hakuna pikapu, weka bodaboda, jenereta, mashine ya kusaga au bati la nyumba. Hesabu ni ile ile.

Huku sheria inaamua, kwetu unaamua wewe

Hapa China huwezi kuiona Hilux ya miaka 30 ikibeba mzigo. Kuna kanuni za kustaafisha magari, zilianza kutumika mwaka 2013. Lori la kawaida la mizigo likifika miaka 15 linatolewa barabarani, lile la mizigo ya hatari miaka 10 tu. Mwenye lori haumizi kichwa kama azibe boneti au anunue nyingine. Siku ikifika, gari linaenda chakavu.

Kwetu hakuna anayekuamulia. Pikapu ya mjomba ina zaidi ya miaka 30 na bado inatoka Pangani na nazi, inashusha Tanga mjini, inarudi na saruji au soda. Inasomesha watoto wawili. Hiyo si gari ya kutupa. Lakini pia si gari ya kumwagia hela kila ikikohoa. Katikati ya hayo mawili ndipo sisi tulioko nje tunapoumia, kwa sababu tunaamua kwa picha moja ya simu na huruma.

Kwanza ujue kutu imekaa wapi

Kutu inataka vitu viwili tu: maji na hewa. Ukiongeza chumvi, inakwenda mbio zaidi. Pangani ni baharini, upepo una chumvi, na mjomba akikosa nazi anabeba samaki. Kwa hiyo gari lile linakula chumvi juu na chini.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba boneti siyo bati moja. Kuna bati la juu unaloliona, na chini yake kuna fremu ya kulipa nguvu. Yale mawili yameshikanishwa pembeni kwa kukunja ukingo, kama pindo la kanga. Maji yakiingia kwenye lile pindo hayatoki kirahisi. Kutu inaanzia ndani, wewe nje unaona rangi inang'aa. Siku unapoona rangi imevimba, ujue ndani kumeshaoza siku nyingi, maana kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo inasukuma rangi juu.

Kwa hiyo kutu ni za aina tatu, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kutu ya juujuu. Rangi imechubuka kwa jiwe, pamekuwa pekundu, ukipiga msasa unakuta chuma kigumu na cheupe. Hii tengeneza, tena haraka. Msasa mpaka chuma safi, dawa ya kuua kutu, rangi ya msingi, halafu rangi yenyewe. Hela yake ni ndogo, na ukichelewa masika moja haitakuwa ndogo tena.

Ya pili imechimba. Ukipiga msasa unakuta vishimo, lakini bisbisi haipenyi. Hapa fundi mzuri anaweza kuokoa, mradi asafishe vishimo vyote, siyo kuvifunika.

Ya tatu imetoboa, au imekula pindo la mbele, au imefika kwenye loki na bawaba. Hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Fundi anapaka puti juu ya tundu, anapiga msasa, anapiga rangi, gari linang'aa kama la bwana harusi. Lakini chini ya puti kutu inaendelea na kazi yake. Maji yanaingia kwa chini, mvua zikishika, puti linanyanyuka lote kama ukoko wa wali.

Ndicho kilichotupata mwaka juzi. Lile puti la laki na nusu lilikaa miezi minane.

Jambo ambalo picha haikuonyesha

Nilitaka kujibu pale pale "sawa mjomba, kesho natuma". Nikajizuia. Asubuhi yake nikampigia binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye ndiye utingo wa gari. Nikamwuliza tu, "Loki ya boneti inafunga vizuri?"

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Baba hajakwambia?"

Kumbe wiki mbili kabla, wakitoka Tanga, karibu na Kigombe, boneti ilifunguka gari likiwa kwenye mwendo. Kutu ilikuwa imekula pale loki inaposhikia, nao walikuwa wameifunga kwa kamba ya manila. Kamba ikakatika. Upepo ukainua boneti nzima ikapiga kioo cha mbele. Mjomba haoni mbele, kioo kimepasuka, kashika breki kwa kubahatisha. Mungu saidia barabara ilikuwa tupu. Kioo alinunua kwa kukopa. Mimi sikuambiwa kwa sababu, kama alivyosema binamu, "Baba anaona aibu, hela ya boneti ulishatuma."

Ndugu zangu, hapo nilikaa chini. Nilikuwa nafikiri tunaongelea rangi na bati. Kumbe tunaongelea watu wawili kwenye kiti cha mbele.

Kwa hiyo sheria ya kwanza kabla ya hesabu yoyote: kama kutu imefika kwenye loki, bawaba, au ukingo wa mbele unaoshika loki, gari lisitoke mpaka litengenezwe. Boneti ina kishikio cha pili, kile kidude unachokitafuta kwa vidole ukitaka kuifungua. Kimewekwa ili loki ikiachia, boneti isinyanyuke yote. Nacho kikiwa kimeoza, kamba haitakuokoa. Mwambie dereva wako waziwazi kwamba kukosa siku tatu za kazi ni nafuu kuliko kukosa dereva.

Na sheria ya pili: mtu wa nyumbani akiogopa kukwambia ukweli, hela yako haitafanya kazi hata uitume mara kumi. Nilimpigia mjomba jioni. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba." Sikumlaumu. Nilimwambia nimesikia habari ya Kigombe, nashukuru mko wazima, sasa tupige hesabu pamoja. Nilisikia sauti yake ikilegea. Tangu siku hiyo ananiambia mambo ya gari kama yalivyo.

Lala chini ya gari kwanza

Kabla ya kuzungumza bei ya boneti nilimwomba binamu alale chini ya gari na simu, anipigie video ya chesisi yote, mbele mpaka nyuma, akigonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na magamba yanadondoka.

Kwa nini? Kwa sababu boneti inafungwa kwa bolti chache na siku yoyote unaibadilisha, lakini chesisi ndiyo gari lenyewe. Ikiwa imeoza, usinunue boneti. Utakuwa unamvika maiti suti. Hela hiyo iweke, uza gari kwa spea, anza mpango mwingine.

Ya mjomba ilikuwa nzima, kutu ya juujuu tu. Injini haili oili. Tukakubaliana kwamba gari lile, likitunzwa, lina miaka minne mingine ya kazi. Kumbuka hiyo miaka minne, ndiyo itakayoamua kila kitu.

Hesabu yenyewe

Mjomba akitoa mafuta, utingo na kula, anabaki na kama shilingi 35,000 kwa siku ya kazi. Kwa hiyo kila siku gari likikaa gereji, 35,000 imekwenda. Wengi hatuihesabu hii, tunahesabu hela ya fundi tu.

Tulikuwa na njia nne. Bei hizi ni zetu, za Pangani na za siku ile. Wewe weka za kwenu.

Njia ya kwanza, puti na rangi. Fundi 150,000, gereji siku mbili ni 70,000. Jumla 220,000. Tulishajua inakaa miezi minane. Gawanya: 27,500 kwa mwezi.

Njia ya pili, kukata sehemu iliyooza na kuchomelea bati jipya, halafu rangi. Fundi 320,000, gereji siku tano ni 175,000. Jumla 495,000. Fundi alisema kweli kwamba bati la boneti ni jembamba, halifiki milimita moja, moto ukizidi linapinda, na lile pindo la mbele hawezi kulimaliza lote. Akaipa miaka miwili. Gawanya kwa miezi 24: kama 20,600 kwa mwezi.

Njia ya tatu, boneti iliyotumika kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Boneti 380,000, kusafirisha mpaka Pangani 40,000, loki na bawaba nzima 50,000, kufunga 40,000, rangi 90,000, gereji siku mbili 70,000. Jumla 670,000. Itakaa miaka minne iliyobaki ya gari. Gawanya kwa miezi 48: kama 14,000 kwa mwezi.

Njia ya nne, boneti mpya kutoka huku Guangzhou. Na hii niseme ukweli, ndiyo niliyoitaka moyoni. Nilishajiona natuma boneti mpya kutoka China, mtaa mzima unaongea.

Jumapili nikapanda treni ya chini ya ardhi, mstari namba 5, mpaka mjini, nikaenda Yongfu Road kwenye maduka ya spea za magari. Boneti ya kuiga, siyo ya Toyota wenyewe, nikaambiwa yuani 480. Kwa yuani moja shilingi 360, hiyo ni 172,800. Rahisi mno! Karibu nitoe simu nilipe.

Lakini mimi ndiye ninayeandika ankara za mizigo, najua kinachofuata. Boneti inatozwa kwa nafasi inayokula kwenye kontena, siyo kwa kilo. Lazima uifungie fremu ya mbao, la sivyo inafika imekunjwa: yuani 120, yaani 43,200. Ikishafungwa ni mita 1.5 kwa 1.3 kwa sentimita 25, karibu nusu ya mita moja ya ujazo, ile wanayoita CBM. Bei niliyopata, mpaka Dar pamoja na kuitoa bandarini, ilikuwa dola 400 kwa CBM. Nusu yake dola 200, na kwa dola moja shilingi 2,600 ni 520,000. Ongeza Dar mpaka Pangani 40,000, loki na bawaba 50,000, kufunga na rangi 130,000, gereji 70,000. Jumla 1,026,000. Kwa miezi 48: kama 21,400 kwa mwezi.

Umeona? Bati lenyewe ndilo lilikuwa rahisi kuliko yote. Safari yake ndiyo ghali. Na wakati meli iko baharini mwezi na zaidi, mjomba angekuwa anaendesha na kamba. Ungeitoa bandarini mwenyewe bila wakala, ujue ushuru unapigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima, halafu inakuja VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya.

Dada uliyeko Muscat ukapita Wadi Kabir, kaka uliyeko Sharjah ukaona yadi za spea kule maeneo ya viwandani, hesabu ni hiyo hiyo. Usiangalie bei ya dukani. Angalia bei ikiwa imeshafungwa kwenye gari.

Na usiseme boneti mpya itakaa miaka kumi. Haiwezi kuishi kuliko gari. Gari lina miaka minne, gawanya kwa minne.

Kununua iliyotumika bila kuibiwa

Njia ya tatu ikashinda. Lakini boneti iliyotumika nayo ina mitego yake. Iwe Gerezani, Kirinyaga Road pale Nairobi au Kisekka pale Kampala, mambo ni haya.

Nenda na namba ya chesisi na picha ya gari. Hilux ya kizazi hiki ilitoka 1988 mpaka 1997, na sura za mbele zilibadilika humo katikati. Usikubali neno "zote zinaingiliana". Pima, linganisha matundu ya bawaba.

Beba sumaku ndogo mfukoni. Ipitishe boneti yote. Ikishika vizuri, ni chuma. Ikilegea au ikidondoka, hapo kuna puti nene chini ya rangi, na wewe unauziwa ugonjwa ule ule uliokuwa nao.

Igeuze. Usinunue boneti ambayo hujaiona upande wa chini. Pitisha kidole kwenye pindo lote, hasa la mbele. Angalia vile vitundu vya kutolea maji kama viko wazi. Angalia pale loki inapokaa.

Rangi isikutishe. Boneti yenye rangi yake ya kiwandani, hata kama si rangi ya gari lako, ni bora kuliko iliyopigwa rangi jana kuvutia mnunuzi. Rangi mpya inaficha mambo.

Binamu mwingine anayeishi Buguruni ndiye aliyeenda, akanipigia simu ya video, nikaiona sumaku inavyoshika kila pembe. Boneti mbili za kwanza tulikataa. Ya tatu tukachukua. Ilikuwa nyeupe. Pikapu ya mjomba ni ya bluu.

Hela ilivyotumwa

Hapa ndipo pa kazi yetu sisi watumaji. Zamani ningetuma yote kwa mjomba kwa mkupuo. Safari hii nilifanya hivi.

Hela ya boneti nililipa kwa simu moja kwa moja kwa muuzaji, baada ya kuiona, na nikaomba risiti. Dukani Tanzania risiti ya EFD ni haki yako. Hela ya usafiri nilimtumia aliyeipeleka stendi. Hela ya fundi niligawa mara mbili, nusu siku ya kuanza, nusu baada ya binamu kunionyesha loki inafunga na kishikio cha pili kinashika. Tulijaribu hivi: fungua loki kutoka ndani, kisha nje mtu ainue boneti kwa nguvu bila kugusa kishikio. Haikunyanyuka. Nikatuma nusu iliyobaki.

Huku siyo kumvunjia mjomba heshima. Nilimweleza kwamba ndivyo bosi wangu anavyolipa, na yeye mwenyewe ananunua nazi kwa kuhesabu, hanunui kwa kuangalia gunia. Akacheka, akakubali.

Kuhusu kutuma kwenyewe, usilinganishe ada peke yake. Kuna wanaosema ada ni sifuri halafu wanakukata kwenye kiwango cha kubadilisha. Uliza swali moja: nikitoa kiasi hiki hapa, nyumbani zitafika shilingi ngapi? Aliyefikisha nyingi ndiye rahisi. Na kwa tulioko China, yule wa kwenye kundi la WeChat anayebadilisha hela kwa bei nzuri mno, mwache. Kubadilisha fedha mtaani ni kosa kwa sheria za huku, na akaunti yako ikifungiwa hutakuwa na wa kumlilia.

Nani anaweka akiba ya kutu?

Mambo yalikwisha vizuri, lakini niwaambie hela ile ilitoka wapi. Nilikuwa naweka ada ya mitihani yangu ya NBAA. Nikaichomoa. Mtihani nimesogeza mbele muhula mzima. Sijuti, lakini sitaki kurudia, na nilimwambia mjomba hivyo hivyo.

Sisi wahasibu tuna neno uchakavu. Maana yake kitu chochote unachokitumia kinapungua kila siku, na hela ya kukirudishia iwekwe kila siku, siyo siku kikifa. Kutu ni uchakavu unaouona kwa macho. Pikapu ikiingiza 35,000, siyo yote ya kula. Kuna kidogo ni ya pikapu yenyewe.

Tulikubaliana mjomba aweke 3,000 kila siku ya kazi, kwenye laini ya simu ambayo haitumii kwa mambo mengine. Kwa siku 25 ni 75,000 kwa mwezi, mwaka ni 900,000. Hiyo inamaliza tairi, loki, na hata boneti, bila simu ya saa nne usiku kuja Huangpu. Mwezi wa kwanza aliweka siku 14 tu. Mwezi wa pili siku 21. Nimeridhika.

Na kila Ijumaa binamu anaosha gari kwa maji baridi ya bomba, chini na juu, hasa siku walizobeba samaki. Rangi ikichubuka wanapaka siku hiyo hiyo. Kwenye pindo la boneti wanapitisha oili nyepesi. Kazi ya nusu saa.

Mambo ya kuuliza kabla hujatuma

Kutu imefika kwenye loki, bawaba au ukingo wa mbele? Kama ndiyo, gari lisimame.

Chesisi ni nzima? Kama siyo, usitume hela ya boneti.

Gari lina miaka mingapi ya kazi iliyobaki? Gharama yote, pamoja na siku za gereji, gawanya kwa miezi hiyo, au kwa miezi ambayo tengenezo litakaa kama ni michache zaidi.

Bisbisi inapenya? Haipenyi, tengeneza. Inapenya, badilisha.

Nani ataiona kazi kabla ya malipo ya mwisho?

Na aliyeko nyumbani ataweka shilingi ngapi kwa siku ili tusirudi hapa?

Wiki iliyopita mjomba alinitumia picha nyingine. Pikapu ya bluu, boneti nyeupe, nazi zimejaa mpaka juu. Nikamwuliza mbona ile 90,000 ya rangi hakuitumia. Akanijibu rangi ya kiwandani bado nzima, kwa nini aikwangue, na ile 90,000 kaiweka kwenye laini ya akiba. Watu wanamcheka njiani kwamba gari limevaa kofia ya mkopo.

"Waache wacheke," kaandika. "Nazi haziulizi rangi."